Usilaumu Chupa ya Samawati

Kuna lalamiko moja utakalolisikia kwa kila mtu aliyecheza Shattered Pixel Dungeon kwa zaidi ya siku mbili: hii gemu inaonea watu. Nimelisikia kwa kinyozi wangu, nikalisikia kwa mwanafunzi wa uhandisi anayejua hesabu za uwezekano kunishinda, na kwa binamu yangu ambaye kwa kawaida halalamiki, hata nauli ikipandishwa maradufu kwa sababu ya manyunyu tu. Hadithi huwa ni ileile. Mtu ameshuka ghorofa nne vizuri, ana deraya ya maana, ana chakula mfukoni. Ghorofa ya tano anakutana na dude jeusi kama uji uliochacha. Linavimba, linavimba tena, linampiga mara moja. Kwisha. Ama hakufika hata kwenye uji. Alikuwa amebaki na uhai kidogo, akanywa chupa ya samawati akitarajia dawa, kumbe ni gesi ya sumu. Na kinachouma ni kwamba jana, kwenye mchezo wa jana, chupa ya samawati ndiyo iliyomponya.

Ukifa umekufa. Hakuna maisha matatu, hakuna kurudi pale ulipoachia, hakuna kutazama tangazo la sekunde 30 ndio ufufuliwe. Shujaa wako ameenda na kila alichokusanya. Unaanza ghorofa ya kwanza, kwenye handaki jipya ambalo hujawahi kuliona, na panya walewale.

Wanaoitetea huwa na jibu moja tu, fupi na la kiburi: jifunze kucheza. Mimi niko upande wao kwa hesabu, si kwa tabia. Wana haki wanaposema gemu haionei. Lakini hawajawahi kujiuliza kwa nini watu wengi hivi, wenye akili zao timamu, wanahisi wameonewa. Nadhani jibu liko kwenye ile chupa. Hii gemu haikunyimi bahati. Inakunyima majina. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na ugomvi wote unatokana na watu kuyachanganya.

Kwa asiyeijua, niseme kwa ufupi. Unachagua shujaa mmoja kati ya sita: kuna mpiganaji, mchawi, mjanja, mwindaji wa kike, mpiga upanga na kasisi. Unashuka chini ya mji kupitia sehemu tano, kila moja na ghorofa tano: mitaro ya majitaka, gereza, mapango, mji wa mbilikimo, halafu kumbi za mashetani. Ghorofa ya 25 anakungoja Yog-Dzewa, ya 26 kuna hirizi ya Yendor. Ukiipata umeshinda. Kila mchezo ramani inachorwa upya, vitu vinatawanywa upya, na kila hatua yako ni zamu: wewe unasogea, adui anasogea. Usiposogea, hakuna anayesogea. Unaweza kukaa dakika kumi ukimwangalia fuvu linalotembea huku ukifikiria maisha, na halitakugusa.

Ukoo wake ni mrefu. Babu ni Rogue, iliyoandikwa karibu mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, baadaye Ken Arnold akaungana nao, kwenye kompyuta za vyuo vikuu vya California. Hirizi ya Yendor ilikuwa humo tayari, nayo pia ilikuwa ghorofa ya 26. Mwaka 2012 Mrusi anayeitwa Oleg Dolya, mtandaoni Watabou, akatoa Pixel Dungeon ya Android. Mwaka 2014 akaachilia msimbo wake wote bure, mtu yeyote auchukue na kuubadilisha. Evan Debenham wa Kanada akauchukua. Hiyo Shattered ndiyo mwanzoni ilikuwa marekebisho ya gemu ya mwenzake, na mpaka leo anaendelea kuirekebisha. Mtoto amemzidi baba umaarufu. Kwenye Android ni bure, haina matangazo, haihitaji intaneti. Unaipakua mara moja kwa WiFi ya mtu, imekwisha hiyo.

Sasa hizo picha. Mtu akiiona mara ya kwanza husema, "Hii ni ya kizamani, bana." Shujaa ana upana wa pikseli 12 na urefu wa 15. Sakafu ni vigae vya pikseli 16 kwa 16. Uso wake huuoni vizuri, una madoa mawili unayokubali tu kuyaita macho. Wakosoaji wa ng'ambo hupenda kusema gemu kama hizi zinawarudisha utotoni. Utoto wa nani? Wengi wetu hatukukulia kwenye hizo mashine zao za miaka ya themanini. Sisi tulikuwa na nyoka kwenye Nokia ya mzazi, na ile Brick Game ya betri mbili ambayo mtoto mmoja mtaani ndiye aliyekuwa nayo na alijua kututesa nayo. Kwa hivyo mimi siipendi Shattered kwa sababu inanikumbusha kitu. Naipenda kwa sababu naweza kuisoma.

Na kuisoma ndiko kucheza kwenyewe. Kila mtego una umbo lake na rangi yake. Nyasi ndefu zinaziba macho, yako na ya adui. Maji yanazima moto. Mlango ukifungwa huoni nyuma yake, na aliye nyuma yake hakuoni. Kwenye Rogue ya zamani shujaa alikuwa alama ya @ na majini yalikuwa herufi kubwa, A hadi Z, na bado watu walikesha. Picha kubwa nzuri zingeharibu hii kitu. Handaki lingependeza, na wewe usingejua ni kigae kipi kitakachokuua. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kona, mwangaza umepunguzwa ili betri ifike nyumbani, bado nauona mtego wa zambarau uko hatua tatu mbele yangu. Nitajie gemu nyingine yenye picha za bei ghali inayoweza hivyo.

Turudi kwenye uonevu, maana ndio ugomvi wenyewe.

Anayelia kwamba vitu vinatolewa ovyo hajui gemu imeahidi nini. Katika kila sehemu ya ghorofa tano kuna hati tatu za kuboresha vifaa na chupa mbili za nguvu za mwili. Kila mchezo. Ukishuka mpaka chini, umepitia hati 15 na chupa kumi, na hakuna bahati mbaya inayoweza kuzifuta. Zimewekwa mahali, kazi yako ni kuzipata. Chakula nacho kina ratiba: kadiri unavyoshuka ndivyo kinavyotolewa, kwa hivyo anayekufa njaa mara nyingi ni yule anayezunguka ghorofa moja kama mtu aliyepoteza funguo. Na kuna jambo zuri zaidi, ambalo wachezaji wengi hucheza miezi bila kulifahamu. Ukikuta chumba kilichozibwa na mbao, mahali fulani kwenye ghorofa hiyohiyo gemu imeweka chupa ya moto wa kuichoma. Chumba kikijaa maji yenye samaki wakali, kuna chupa ya kukufanya usionekane. Kikijaa gesi, kuna chupa ya kuisafisha hewa. Handaki linatega kitendawili na jibu linakuwekea palepale sakafuni.

Ila jibu halina jina. Hapo ndipo uchungu ulipo.

Kuna aina 12 za chupa na aina 12 za hati. Kila mchezo unapoanza, rangi za chupa zinachanganywa upya, na alama za hati vilevile. Samawati, nyekundu, dhahabu, zambarau: karibu rangi zote hazina maana mpaka wewe uzipe maana, mara nyingi kwa kunywa au kurusha. Na shujaa wako akifa, maana zote hizo zinakufa naye. Mtu husema amepoteza upanga, amepoteza deraya. Kwangu hayo si kitu, upanga utapata mwingine. Nilichoona kikimuuma binamu yangu kuliko vyote ni kwamba alikuwa ameshatambua chupa tisa kati ya 12. Tisa! Zile rangi zilikuwa zimekuwa lugha yake. Halafu asubuhi akaamka kwenye mji mwingine wenye lugha nyingine.

Mchezaji mzoefu hakumbuki rangi, anakumbuka njia za kuuliza. Hanywi chupa asiyoijua akiwa anavuja damu, kwa sababu chupa inayokuponya ni moja tu kati ya aina hizo zote na kadhaa ni balaa. Anainywa mapema, akiwa mzima, akiwa amesimama ndani ya maji karibu na mlango. Ikiwa ni moto, maji yatauzima. Ikiwa ni gesi, mlango uko hapo, anatoka na kuufunga. Akipata hati mbili zinazofanana mapema, anajua uwezekano mkubwa ni za kuboresha au za kutambua vitu, kwa sababu hizo ndizo zinazotolewa kwa wingi. Hapigani uwanjani. Anarudi nyuma ya mlango, anangoja adui aingie bila kumwona, na pigo hilo la kushtukiza halikosi. Lile dude la ghorofa ya tano linapoanza kuvimba, vigae vinavyolizunguka vinabadilika na maandishi yanakwambia kwamba linajijaza. Kila kitu kimesemwa. Anayesimama pale kungoja pigo lije amepuuza onyo lililoandikwa.

Wakati mmoja niliamua kuwachezesha watu wawili handaki moja. Inawezekana: ramani yote inatokana na msimbo wa herufi tisa, na watu wawili wakiuingiza msimbo uleule wanapata vyumba vilevile, vitu vilevile, rangi zilezile. Kete za vita tu ndizo zinazorushwa upya. Wote wawili wamewahi kuishinda gemu angalau mara moja, ila mmoja bado anashikilia kwamba alibahatika tu. Jumamosi, simu mbili, chai.

Ghorofa ya tatu wote wakaokota chupa ileile, na wote wakapita kando ya chumba kilichozibwa kwa mbao. Wa kwanza aliirusha chupa kwenye mbao bila kufikiri mara mbili, zikawaka, akaingia na kutoka na vitu vya maana. Wa pili aliitunza, "labda ni dawa," na ghorofa ya nne akainywa akiwa amezingirwa, amesimama katikati ya nyasi ndefu. Nyasi zinaungua. Unaweza kukisia yaliyofuata. Yule wa kwanza alifika ghorofa ya 19 kabla ya mbilikimo kummaliza.

Sasa, kwa mashabiki wakali hiyo ni kesi iliyofungwa. Handaki moja, chupa moja, matokeo mawili: si bahati, ni ujuzi. Nami nakubali. Lakini yule wa pili, akiwa bado ameshika simu, aliuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: hiyo ya mbao na chupa angeijua vipi? Hakuna mtu aliyemwambia kwamba jibu la chumba liko kwenye ghorofa hiyohiyo. Mwenzake aliambiwa na mtu. Na huyo mtu alisoma mahali. Ujuzi wenyewe ulikuwa na njia yake ya kumfikia mmoja na kumkwepa mwingine, na njia hiyo haikuwa ndani ya gemu.

Huu ndio ukosoaji ninaouona wa haki. Gemu inadai unaweza kujifunza kila kitu kwa kufa, na ni kweli, ila bei ya kila somo ni saa nzima, wakati mwingine mbili. Saa mbili za mtu mwenye Jumamosi tupu si sawa na saa mbili za mtu anayecheza kati ya abiria mmoja na mwingine stejini, au usiku baada ya kufunga kibanda. Ndiyo, mchezo unajihifadhi ukiufunga, unaweza kushuka kwa matatu na kuendelea jioni, na hilo ni la kushukuru. Lakini fikra hazijihifadhi. Ukirudi jioni umesahau ni chupa gani ulikuwa unaishuku. Wenye muda wanafika mji wa mbilikimo, wanauona, na kwa kweli ni mahali pazuri. Wasio na muda wanaijua mitaro ya majitaka kama kiganja cha mkono na hawajui kwamba huko chini kuna rangi nyingine kabisa. Ongeza kwamba maelezo ya vitu ni marefu, yana mizaha na vidokezo ndani yake, na simu zetu zote nilizoziona zinachezwa kwa Kiingereza. Aliyefurahia ufahamu darasani ana faida juu ya aliyekuwa akingoja kengele.

Kwa hivyo "jifunze kucheza" ni jibu la kweli na jibu baya. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, na wachezaji wazoefu wengine wanaitumia kama sheria: wanaketi juu ya maarifa yao kama kuku juu ya mayai, halafu wanashangaa kwa nini wenzao wanalaumu kete. Mwambie mtu habari ya mbao na chupa. Itakugharimu sentensi moja.

Lakini kuna lawama nyingine ambayo siikubali hata kidogo, na niliisikia kwa rafiki yangu wa bodaboda. Alicheza wiki moja, akafa kama mara 20, akaifuta. Akasema hii ni kubeti tu. Unabonyeza, unangoja, unaliwa. Afadhali kule kwingine ukibahatika unatoka na kitu. Na yeye anakujua huko kwingine vizuri. Amefuata ile ndege inayopaa kwenye kioo mpaka ikaondoka na pesa za mafuta ya siku mbili. Ana mikeka ya Jumapili. Anaijua harufu ya kitu kinachokula watu, na alipoona kete, chupa zilizofichwa na kifo cha ghafla, akaona ni mnyama yuleyule amevaa ngozi ya katuni.

Nimefikiria sana jinsi ya kumjibu bila kumhubiria. Kwa juu wanafanana, siwezi kubisha. Kote unasubiri kitu usichokijua kifunguke, na moyo unadunda vilevile. Lakini jiulize nani anafaidi wewe ukiliwa. Kampuni ya kubeti imepanga viwango vyake ili mwisho wa mwezi ibaki na sehemu yake, wewe ujue mpira ama usijue. Kujua zaidi hakubadilishi mkataba ulioandikwa kabla hujafika. Kwenye handaki hili mtengenezaji hapati hata shilingi ukifa, na hapati ukifufuka, kwa sababu hakuna ufufuo wa kununua kwa pesa halisi. Duka limo, ndio, ghorofa ya sita, na mwenye duka ana bei za kukukera. Lakini anataka dhahabu ya handaki. Hajui M-Pesa ni nini. Anayetaka kumpa mtengenezaji pesa anaweza kuchangia, na wa Steam na iPhone hulipa mara moja, basi. Gemu nyingi za simu tulizonazo hukupa kifo halafu zinakuuzia dawa yake. Hii imekataa hiyo biashara kwa zaidi ya miaka kumi.

Na mkataba wake uko wazi. Msimbo wote umewekwa hadharani, kwa leseni ileile ya baba yake. Nikitaka kujua kama kweli kuna hati tatu kwa kila ghorofa tano, sihitaji kumwamini mtu. Naenda kusoma. Nionyeshe kampuni ya kubeti iliyofungua daftari lake hivyo.

Kwa hivyo bahati ipo, lakini haiuzwi, na inapungua kadiri unavyojua. Mara 20 za kwanza rafiki yangu alikuwa analipia majina. Aliacha akiwa karibu kuanza kuyatumia. Sijamshawishi bado. Aliniambia mtu aliyeumwa na nyoka hupiga kamba.

Gemu ina kasoro zake ambazo hazina uhusiano na bahati, na mashabiki wanapenda kuziruka. Kubwa kwangu ni zile hati 15. Wachezaji wazoefu wanakubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba ukizitawanya utakufa. Zote, ama karibu zote, ziende kwenye kitu kimoja: upanga mmoja, fimbo moja ya kichawi, deraya moja. Maana yake ni kwamba ukifika ghorofa ya nane tayari umeoa. Ukipata pete ya ajabu ghorofa ya 17, unaitazama, unaipenda, unaiuza. Gemu iliyokufundisha mwanzoni kusikiliza unachopewa, kubadilika, kuuliza, katikati inakugeuza mkaidi. Sehemu ya mapango na kuendelea huwa naona watu wakipita kando ya vitu vizuri kama mtu anayepita Gikomba bila pesa. Kuna wanaosema hiyo ndiyo falsafa, kuchagua na kuishi na uchaguzi wako. Sawa, lakini uchaguzi ambao kila mzoefu anaufanya kwa namna ileile umebaki uchaguzi kwa jina tu.

Hadithi nayo ni nyembamba. Mfalme wa mbilikimo ana msiba mzuri nyuma yake, wasomaji wangeupenda, ila umebanwa kwenye vijikaratasi na maneno machache kabla ya kupigana. Na lile zimwi la mashine la ghorofa ya 15, DM-300, na mabomba yake ya gesi, nalivumilia tu. Tengu wa ghorofa ya kumi ndiye adui mkuu aliyechorwa kwa akili kuliko wote: anaruka huku na huku, anakulazimisha usome sakafu badala ya kumsoma yeye. Halafu kuna vibaka wa gereza. Kibaka anakukaribia, anakuchomolea kitu begani, anatimua mbio, na usipomwangusha kabla hajatoweka ndio basi. Hakuna mkazi wa Nairobi anayehitaji maelekezo hapo. Binamu yangu, ambaye hufa kwa kila kitu kingine, hajawahi kuibiwa humo.

Yeye na mimi tulitumia simu moja kwa miezi kadhaa, yake ilipokuwa kwa fundi. Ndipo nikaona jambo ambalo mchezaji wa simu yake peke yake huliona kwa namna nyingine. Shattered haifuti maiti kabisa. Shujaa akifa, mabaki yake yanaweza kutokea kwenye mchezo unaofuata, kwenye ghorofa ileile aliyofia, yakiwa na kitu kimoja alichokuwa nacho. Jumanne moja nilikuwa nashuka gerezani na mwindaji wangu, ghorofa ya saba, nikaingia chumba cha pembeni nikakuta mifupa. Binamu alikuwa amefia huko usiku wa kuamkia siku hiyo, mimi nimelala. Nikaigusa, nikapata upanga wake. Nilimtumia picha ya kioo. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka, akasema upanga niubebe tu, na chupa ya kijani kibichi ilikuwa ya kuruka hewani, kama bado inasaidia. Haikusaidia, rangi zilikuwa zimeshachanganywa. Ya kwangu nilikuwa nayo moja mfukoni, sijaijua bado, na kulikuwa na maji vigae vinne kutoka pale niliposimama.